Mkono wa Kushoto Kwenye Migomba ya Elieza

Siku ile mjinga alikuwa Elieza. Hilo tulimalize kwanza ili tuweze kusimulia kwa amani. Yeye mwenyewe alikuja kulikiri, na hata angekataa, nani angemsikiliza? Soko zima la Nshamba lilimwona akipita, buti za jeshi miguuni, koti zito la askari wa keya mwilini katika jua la saa tano, na begani vipande vinne vya mgomba alivyovifunga kwa kamba kama kuni. Mgomba! Na hapo ni Nshamba, mahali ambapo hata mbuzi hageuzi shingo akiona mgomba.

"Koplo," akamwita mama mmoja muuza maharage, "huko ulikotoka walikwambia huku tumeishiwa?"

"Mwache, anampelekea mkwewe zawadi," akadakia mwenzake. "Wengine hupeleka mbuzi."

Elieza hakugeuka. Alikuwa na ushahidi begani, na mtu mwenye ushahidi hapotezi muda kujibizana na wauza maharage. Alikuwa anakwenda kwa mkwewe, Mzee Rugaibula, kumwambia binti yake abaki huko huko. Vipande vile vinne ndivyo vingemsemea.

Sasa turudi nyuma siku kumi, maana mambo yalianzia Kibeta, siku aliposhuka melini Bukoba.

Ilikuwa masika ya mwaka 1946. Elieza aliondoka Kishanda, kijijini kwao, akiwa kijana wa kuimba besi kanisani, anayejua kupogoa migomba kuliko rika lake lote. Akapelekwa Kenya, akapelekwa Ceylon, akaishia katika misitu ya Burma kupigana na Wajapani ambao, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kugombana nao hata kwa kuku. Miaka minne. Alirudi na ukoplo, na kitambaa cha hariri alichomnunulia mkewe Kokuhirwa huko Kalkuta, amekikunja mara kumi na sita na kukisokomeza ndani ya soksi ili wenzake wasikione.

Siku ya kwanza alifikia kwa dada yake Alistidia, pale Kibeta. Alistidia alilia vya kutosha, akamgeuza mbele na nyuma kama anayenunua ng'ombe, akahakikisha viungo vyote vipo. Kisha akampakulia ndizi na maharage, akaketi, na ulimi wake ukaanza kazi.

"Nilipita kwako Krismasi, mkeo sikumkuta. Elieza wee, nilidhani nimepotea njia! Kibanja chako, shamba lote la migomba, kinapendeza kuliko cha mchungaji. Hakuna jani kavu linaloning'inia. Majani ya rweya yametandazwa chini, unakanyaga kama godoro. Mikungu imeinama hivi!" Akaonyesha kwa mikono.

"Nani anakitunza?" Elieza akauliza.

"Mimi nitajuaje? Kokuhirwa ni mwanamke, hashiki mundu. Labda ni mzimu." Akacheka. "Lakini ni mzimu mwenye mkono mzuri."

Alistidia alikuwa anatania tu. Lakini kuna utani ambao ukimwambia mtu aliyeshiba amelala nyumbani kwake kila siku, anacheka nawe; ukimwambia mtu aliyekaa miaka minne akiuliza moyoni nani yuko nyumbani kwake, anaacha kula. Elieza alisukuma sahani. Kule kwao mundu, ule wenye mdomo uliopinda, ulikuwa chombo cha mwanaume. Mwanamke alilima maharage na viazi, alipalilia, alibeba majani kutoka rweya, yaani ile mbuga ya wazi nje ya vibanja. Kukata mgomba, kupunguza machipukizi, kutoa majani makavu, hiyo ilikuwa kazi ya mwenye nyumba. Kibanja kikipendeza, mahali fulani kuna mwanaume.

Ndani ya lori la kwenda Muleba wenzake waliimba. Yeye alikuwa anahesabu wanaume wa Kishanda waliobaki.

Kokuhirwa alimpokea vizuri. Alipiga magoti, akasema kwa heshima "Waitu, umerudi," sauti ikamkatikia hapo hapo, akaufunika uso kwa kanga. Laiti Elieza naye angelia pale pale mlangoni, hadithi hii isingekuwepo. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kupita juu ya kichwa cha mkewe kwenda kwenye migomba. Alistidia hakutia chumvi. Migomba ilisimama kama walioitwa gwaride.

Kisha Kokuhirwa akamletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama desturi inavyotaka kwa mtu atokaye safari. Akamnyooshea kwa mkono wa kushoto.

Wa kushoto! Hata mtoto wa miaka mitatu anafinywa kwa kosa hilo. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa ndani ya ncha ya kanga, umetulia huko kama mgonjwa, na Elieza hakujiuliza una nini. Alijiambia: ananidharau. Alitwaa kahawa mbili, akatafuna, na kile kitambaa cha hariri kikabaki ndani ya soksi.

Asubuhi iliyofuata alichukua mundu wake ukutani, akaingia kibanjani kama mwenye mali. Alipiga hatua sita. Mtu aliyezaliwa kwenye migomba hajui kwamba humo ndani kuna giza, mpaka aende mbali ajifunze kuogopa giza la kijani. Joto lile la unyevu. Harufu ile ya majani yanayooza. Kwa hatua ya saba, mti mmoja uliotegemeza mkungu mzito ukavunjika: pa!

Alipojitambua alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye majani ya rweya, mundu ameukumbatia kama bunduki, na mdomo wake unamwita Philbert, rafiki yake ambaye alimfukia kwa mikono yake upande wa pili wa dunia. Akanyanyuka. Akajipangusa magoti. Akatazama huku na huku, hakuna mtu. Akatoka taratibu, kama aliyekwenda haja akamaliza, akaurudisha mundu ukutani.

Tangu hapo hakuingia tena. Mkewe alipomuuliza kama angependa kukata mkungu wa chakula, alisema anaumwa mgongo. Kesho yake mgongo, keshokutwa goti.

Lakini mwanaume asiyeweza kuingia kibanjani mwake anapata muda mwingi wa kukizunguka. Elieza alizunguka asubuhi, akazunguka jioni, akitembea njiani penye mwanga na kuchungulia ndani. Na hapo ndipo alipoziona zile alama.

Kibanja chake kimekaa kwenye mteremko, na Kishanda nzima mkata mgomba husimama upande wa juu, ili shina likianguka lisimwangukie. Ukikata kwa mkono wa kulia, kisiki kinabaki kimeinuka upande wa kulia na kuteremka kushoto. Elieza mwenyewe alikata hivyo, baba yake alikata hivyo, babu yake vile vile. Sasa kila kisiki alichokiona kilikuwa kimegeuka: kimeinuka kushoto, kimeteremka kulia. Kimoja, viwili, kumi. Akazunguka mpaka nyuma ya nyumba. Ishirini na saba. Mkono wa kushoto, wote, bila haya!

Wivu ulimpanda kutoka unyayoni. Aliketi juu ya jiwe akakitazama kisiki kimoja kama mtu anayetazama picha ya adui. Aliona kazi ya mtu mwenye subira. Machipukizi yameachwa matatu matatu, kubwa, la kati, dogo, kama inavyotakiwa. Majani yamekatwa karibu na shina bila kulichubua. Alitamani apate kosa hata moja ili apumue, na hakupata. Alimwonea wivu mtu yule kwa ajili ya mke. Kisha akamwonea wivu kwa ajili ya migomba. Kisha, na hili hakumwambia hata Mungu, akamwonea wivu kwa sababu huyo mtu aliweza kusimama humo ndani asubuhi nzima, pengine akipiga mluzi, bila kutafuta kwa macho mahali pa kujitupa chini.

Na mwenye mkono wa kushoto Kishanda alikuwa mmoja tu. Lameki.

Lameki alikuwa jirani yake, mpiga kengele wa kanisa, mgane asiye na mtoto, mwenye mdomo wa kuchekesha hata matangani. Walizaliwa mwaka mmoja. Walikwenda pamoja kuandikishwa jeshini, na yule aliyekuwa anaandikisha alimpa Lameki bunduki, akaona anaipachika bega la kushoto, akamwambia rudi nyumbani. Lameki alirudi akicheka. Elieza akaenda Burma. Sasa, akiwa ameketi juu ya jiwe, Elieza aliona jambo zima lilivyopangwa: mkono mmoja ule ule ulimwokoa mtu asiende vitani, ukamkatia migomba, na ukamfanyia mengine ambayo kila akiyafikiria alisimama na kuketi tena.

Siku ya tano Lameki akajileta mwenyewe, amebeba mkungu.

"Koplo! Mbona unazunguka nyumba yako kama mkusanya kodi? Ingia ndani, mlango ni wako!" Akautua mkungu, akamgeukia Kokuhirwa. "Ma Kokuhirwa, huyu ndiye uliyekuwa unamlilia? Mbona amerudi mwembamba? Tungemwomba mfalme wa Uingereza atupe mwingine."

Kokuhirwa akacheka. Alicheka kweli, kichwa nyuma, kicheko ambacho Elieza alikuwa amekisikia mara ya mwisho mwaka wa arobaini na mbili. Siku tano yuko nyumbani hajapewa hata nusu yake.

"Mkungu wa nini?" Elieza akauliza.

"Wa kula, ndugu yangu. Nimesikia mgongo wako unauma."

"Nani amekwambia habari za mgongo wangu?"

Lameki akamtazama Kokuhirwa, Kokuhirwa akatazama chini. Kutazamana kule kulichukua muda wa kupepesa jicho, lakini Elieza alikuwa na nafasi ya kuchunguza maana yake siku nne zilizofuata.

Hakulala chumbani. Alitandika mkeka sebuleni, karibu na mlango, na buti miguuni, akasema joto. Chakula alikula akitazama ukuta. Kokuhirwa alikitenga kwa mkono wa kushoto, akakiondoa kwa mkono wa kushoto, na kila mara Elieza aliihesabu dharau hiyo akaiweka pamoja na nyingine. Siku ya tisa kikombe kilijaa.

"Nani ametunza kibanja changu?"

Kokuhirwa alikuwa anachambua maharage. "Kimetunzwa, waitu. Umekikuta kibaya?"

"Sikuuliza kama ni kibaya. Nimeuliza nani."

"Ukitaka kujua, ingia humo ndani ukione vizuri."

Maskini, lilikuwa jibu la kawaida tu, pengine hata lilikuwa la kumsaidia. Elieza alilisikia kama kofi. Akasimama. Alisema maneno mengi ambayo hayafai kurudiwa mbele ya watu wanaokwenda kanisani, na mwisho akasema kesho atamrudisha kwao Nshamba, na Lameki aje huko huko ajibu mbele ya wazee.

Kokuhirwa aliweka ungo chini.

"Kwetu njia naijua," alisema. "Sihitaji kusindikizwa na askari."

Kulipokucha hakuwepo. Na Elieza, badala ya kushtuka, alikwenda kuutafuta ushahidi. Alichagua visiki vinne vya pembeni, vile ambavyo mtu anaweza kuvifikia huku mguu mmoja uko njiani, akavikata kwa chini, jasho likimtoka kama aliyekata mia. Akavitia alama ya mkaa upande uliokuwa umeelekea juu. Akavifunga. Akampitia Lameki akamkuta anakunywa uji, akamwambia, "Unatakiwa Nshamba."

"Na nani?"

"Na haki."

"Ngoja basi nimalize uji," akasema Lameki. "Haki naye atakuwa bado anakunywa wake."

Hivyo ndivyo walivyofika sokoni Nshamba, mmoja mbele na magogo yake, mwingine nyuma akiwasalimia watu kama bwana harusi.

Mzee Rugaibula alikuwa Mlutheri wa Jumapili na mnywaji wa rubisi, ile pombe ya ndizi, siku sita zilizobaki. Walimkuta na kibuyu chake uani, kwenye kiti kifupi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye macho madogo yasiyosahau. Kokuhirwa alikuwa jikoni. Moshi ulionekana, yeye hakuonekana.

"Tata," Elieza akaanza kwa kumwita baba, akavipanga vipande vile vinne mbele ya miguu ya mzee, "mimi nilikwenda kupigana miaka minne. Nilimwacha binti yako katika nyumba yangu. Nimerudi nimekuta mwanaume mwingine ametembea katika migomba yangu kila siku. Sikumwona. Lakini mkono wake huu hapa, ameuacha."

Mzee akaokota kipande kimoja. Akakigeuza. Akakinusa, jambo ambalo halikuwa la lazima.

"Mkono wa kushoto," alisema.

"Mkono wa kushoto!" Elieza akarukia. "Na wa kushoto ni huyu!"

Lameki akainua mkono wake wa kushoto, akautazama pande zote mbili kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. "Huu? Huu unapiga kengele tu, Tata. Ingawa sitaki kuusemea sana, pengine huenda mahali mimi nikilala."

"Lameki, funga mdomo," akasema mzee. "Chukua mundu ule ukutani. Kuna mgomba pale, tulikata mkungu wake jana. Simama upande wa juu. Kata."

Lameki akasimama, akainua mkono, akapiga mara moja: chwa! Shina likaanguka kama limeambiwa. Mzee akamwambia atoe kipande, akakiweka kando ya vile vingine. Kisiki kimeinuka kushoto, kimeteremka kulia.

"Mnaona!" Elieza alipiga kelele. Furaha iliyompata hapo ilikuwa ya ajabu, furaha ya mtu anayethibitishiwa kwamba nyumba yake inaungua. "Mnaona! Ni kile kile!"

"Koplo," mzee akasema, "huko jeshini walikufundisha kulenga au kutazama pia?"

"Tata?"

"Pitisha kidole."

Elieza akainama. Akapitisha kidole kwenye kipande cha Lameki: kilikuwa laini kutoka juu mpaka chini, pigo moja. Akapitisha kwenye kipande chake cha kwanza. Kidole kikakwama. Kilikuwa na vidaraja. Pigo la kwanza limeingia robo, la pili limeongeza, la tatu limemaliza. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu, cha nne. Siku tisa alikuwa anatazama mwinamo tu; hakuwahi kusogea karibu kiasi cha kugusa.

"Aliyekata hivi ni wa mkono wa kushoto," akasema mzee, "lakini hakuzaliwa nao. Na hana nguvu za huyu mpiga kengele." Akanyanyua sauti. "Kokuhirwa! Njoo."

Kokuhirwa alitoka jikoni, macho mekundu kwa moshi au kwa jambo jingine. Hakumtazama mumewe. Baba yake hakumwambia la kufanya, alimwonyesha mundu tu kwa kidevu. Akauchukua kwa mkono wa kushoto. Akapanda upande wa juu wa kisiki alichokiacha Lameki, akaweka mguu mmoja mbele, akavuta pumzi. Chwa. Chwa. Chwa. Kipande kikaanguka, kikabingirika, kikaja kusimama karibu kabisa na buti ya Elieza.

Hakuhitaji kukipitishia kidole. Alikipitishia hata hivyo, labda kwa sababu alihitaji mahali pa kutazama.

Lameki alijitia kuchunguza mawingu.

"Wewe si wa mkono wa kushoto," Elieza akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikuwa."

Akafungua ncha ya kanga. Mkono wa kulia ulitoka. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimenyooka kama vijiti, havikunji, na kutoka hapo kovu jeupe lilikuwa limekata kiganja mpaka karibu na kifundo.

"Mvua za mwaka wa pili," alisema. "Ule mwaka wa kwanza nilingoja. Nilisema mtu atakuja, ndugu zako watakuja. Kila mtu alikuwa na kibanja chake. Migomba ikaanza kusongana. Nikawa nachukua mundu wako alfajiri kabla watu hawajaamka, ili wasikucheke kwamba mkeo amekuwa mwanaume. Mgomba mmoja ulikuwa na mkungu mzito, ukaniangukia, mundu ukageuka. Lameki na mama yake walinisikia nikilia. Mama yake alinifunga, Lameki na wenzake wakanibeba kwa machela mpaka zahanati. Vidole vilipona, ila havikunji. Nikaanza upya kwa mkono huu."

"Nani alikufundisha huu?" Wivu haufi mara moja, huu wa Elieza ulikuwa unarusha mateke ya mwisho.

"Mimi," Lameki akasema. "Kutoka njiani, koplo! Kwa makelele! 'Inua kiwiko! Usikate mguu!' Muulize mama yangu, alikuwa amesimama nami akinirekebisha mimi. Ukitoa siku ile ya machela, jani moja la kibanja chako sijalikanyaga. Hata ule mkungu niliowaletea ni wangu. Na habari za mgongo niliambiwa mlangoni, na mama yangu akiwepo. Mkeo aliona mna njaa na wewe hukati."

Mzee Rugaibula alijimiminia rubisi. Alikuwa ameyajua haya yote tangu mwanzo, bila shaka. Muleba nzima iliyajua, ukimtoa Alistidia wa Kibeta aliyekuwa mbali na mwenye mume aliyekuwa mbali zaidi. Mzee akanywa bila kumkaribisha mtu.

Hapo mwenye akili angenyamaza. Angeokota vipande vyake vinne akavitupe shimoni, akaomba radhi, akarudi nyumbani. Elieza aliomba radhi, ndiyo, lakini kwa namna ya mtu anayerudi nyuma huku bado anafyatua risasi.

"Nimekosa," alisema. "Tata, nimekosa. Lameki, nimekosa. Lakini na wewe Kokuhirwa! Ungeniandikia."

"Ningeandika nini? Barua zangu aliandika mwinjilisti, zako walizisoma maofisa kabla yangu. 'Mume wangu, ninashika mundu wako'? Wenzako wangekucheka mpaka vita iishe."

"Basi niliporudi. Siku tisa! Unanipa kahawa kwa mkono wa kushoto, unanipa chakula kwa mkono wa kushoto, nakaa nafikiri unanidharau. Kwa nini usiufungue ule mkono ukanionyesha?"

"Nilikuwa nangoja uniulize una nini."

"Mke haulizwi kitu kama hicho! Mke anasema!" Alikuwa amepata pa kukanyaga, na akapakanyaga kwa nguvu zote. "Mimi sikuzoea nyumba ya kufichana. Mtu ana kidonda, anakifunga kwenye kanga, anatembea nacho mbele ya mumewe kana kwamba ni mzima! Ni ndoa gani hiyo? Ungekuwa mkweli tangu siku ya kwanza, mimi ningebeba magogo haya sokoni? Ningechekwa na wauza maharage? Mke hamfichi mumewe alipoumia. Hata mbele ya mchungaji nitalisema."

Lameki akafungua mdomo, mzee akamnyooshea kidole, akaufunga.

Kokuhirwa aliutundika mundu ukutani. Alifanya hivyo polepole, kwa mkono wa kushoto, akahakikisha umekaa. Kisha akaja akasimama karibu na mumewe, akazunguka nyuma yake, akachagua upande wa sikio la kulia, lile lililokuwa bado linasikia. Elieza hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba la kushoto lilibaki Burma.

Aliongea chini chini, baba yake asisikie.

"Mimi nilificha vidole viwili, waitu," alisema. "Wewe umejificha mzima."